Uzito wa Rangi na Sabuni si Kipimo cha Ubora

Tangu Kituo Kikuu cha Mabasi cha Magufuli kizinduliwe mwezi Februari 2021, Mbezi Luis imezidi kuwa mahali pa biashara za kila namna. Kandokando ya Barabara ya Morogoro yapo maduka ya vifaa vya ujenzi, na hatua chache tu kutoka hapo wapo akina mama wanaouza sabuni ya maji kwa chupa na kwa madumu. Katika biashara hizi mbili tumeona wanunuzi wakitumia kipimo kimoja, nacho ni uzito. Rangi inayong'ang'ania kijiti husifiwa. Sabuni inayotiririka polepole hununuliwa bila swali. Ndugu wasomaji, kipimo hicho kinawatia hasara wananchi ambao shilingi zao zimepatikana kwa jasho, na yafaa tueleze kwa nini.

Rangi ya maji isiyotiwa kitu cha kuizuia ingeshuka ukutani kama maji ya mvua. Kwa muda mrefu viwanda vilitumia unga utokanao na nyuzi za mimea, ambao ni polima, yaani molekuli ndefu mfano wa mnyororo. Minyororo hiyo hujikunjua majini, ikasongamana, na maji yakawa mazito. Mwaka 1978, Emmons na Stevens wa kampuni ya Rohm and Haas ya Marekani walipata hataza ya polima ya namna nyingine. Mnyororo wake hupenda maji, lakini una vipande vidogo vyenye tabia ya mafuta, hasa kwenye ncha zake.

Hapo ndipo penye siri. Mafuta na maji havipatani, na kila mpishi analijua hilo. Vipande hivyo, vikiwa vimefungwa kwenye mnyororo usiotaka kutoka majini, havina pa kukimbilia ila kukusanyika pamoja vishada vishada, au kujishika kwenye chembe za gundi zilizomo ndani ya rangi. Ncha moja ikiwa katika kishada hiki na nyingine katika kishada kile, rangi nzima hugeuka wavu. Polima kidogo mno, aghalabu isiyofika sehemu moja katika mia ya rangi, yatosha kwa kazi hiyo. Fundi akipitisha brashi, mafundo hufunguka. Akiiondoa, hujifunga tena, lakini si kwa haraka ya kuacha michirizi ya brashi ukutani. Hata rola hairushi matone mengi usoni mwa fundi, jambo ambalo mafundi wenyewe watatushukuru kulitaja.

Lakini wavu huo huvunjika kwa urahisi. Rangi kali za kuchanganyia hubeba ndani yake dawa za jamii ya sabuni, na zikizidi, dawa hizo huvifunika vile vipande vya mafuta kimoja kimoja, visishikane tena. Rangi hulegea. Mwenye nyumba humlaumu fundi kwamba ametia maji, na ugomvi huanza, ilhali fundi pengine hakutia hata kikombe.

Sabuni ya maji nayo ina mambo yake. Molekuli zake zina mkia wa mafuta, na mikia hiyo hukusanyika kwa sababu ile ile. Chumvi ikitiwa, makundi hayo hurefuka kama minyoo na kusokotana, sabuni ikawa nzito. Chumvi ikizidi kiasi, sabuni hurudi kuwa nyepesi, na mtengenezaji asiyejua huongeza chumvi tena akidhani imepungua. Unga wa CMC huleta uzito kwa njia nyingine, kwa kusongamana kwa minyororo yake, nao hauhitaji sabuni hata kidogo. Maji matupu yaliyotiwa CMC, rangi ya kijani na manukato hupendeza machoni, lakini sufuria ya maharage yenye mafuta hayatayaweza.

Hatusemi kuwa kila kilicho kizito ni cha ulanguzi. Tunasema kwamba uzito hununuliwa kwa bei ndogo, ilhali gundi ya rangi na kiini cha sabuni ni ghali, na mjanja atakata palipo ghali. Mnunuzi apake rangi kidogo ukutani, aiache siku kadhaa, kisha aisugue kwa kitambaa chenye maji. Ikitoka kama chaki, gundi ni haba. Shirika la Viwango nalo tungependa lidai kwamba kila dumu la sabuni lionyeshe kiasi cha kiini chake.

Kwa watengenezaji wadogo tunaelekeza neno letu kwa SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili yao. Mafunzo ya sabuni yasiishie kwenye vijiko na vikombe. Kila kikundi kifundishwe kutumia mizani ndogo, na kuitia chumvi kidogo kidogo huku kikiandika daftarini ni gramu ngapi sabuni ilipofikia uzito wake wa juu.