Chura wa Kihansi na dawa ya kucha

Ukitaja chura wa Kihansi hapa chuoni watu wanacheka, wanakumbuka vyura waliopanda ndege kwenda Marekani. Sawa, tucheke. Ila mimi ninayesomea kufundisha Baiolojia sijapata mfano mzuri kuliko huu wa kwa nini kumtibu mnyama wa porini ni shughuli.

Chura huyu hafiki sentimita 3, anazaa badala ya kutaga mayai, na aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi tu, milima ya Udzungwa. Mwaka 2000 bwawa la umeme lilipunguza maji, na vyura karibu 500 wakapelekwa Marekani. Mwaka 2003 waliobaki korongoni wakaanza kufa kwa kasi, na akagundulika fangasi aitwaye kitridi.

Fangasi huyu anakula ngozi. Kwa chura ngozi siyo koti, yaani ndiyo anayonywea maji na kupumulia. Ikiharibika, chumvi za damu zinavurugika, mwisho moyo unasimama.

Dawa ipo: itrakonazoli, ileile binadamu anayoandikiwa kwa fangasi wa kucha. Inazimuliwa sana, chura anaogeshwa dakika chache kila siku, kwa siku kadhaa. Kampuni gani itatengeneza dawa mpya ya chura, soko liko wapi? Basi madaktari wa wanyama wanaazima za watu, halafu wanahangaika na kipimo, maana ngozi inayonyonya maji inanyonya na sumu. Kinachomponya chura wa aina moja kinaweza kumdhuru wa aina nyingine.

Hayo ni ya kwenye beseni. Porini, chura uliyemponya anarudi kwenye tope lilelile na kuambukizwa upya. Kisiwani Mallorca, Hispania, watafiti walifanikiwa, wakatangaza mwaka 2015: waliwaondoa viluwiluwi, wakawaogesha dawa hiyohiyo, na makazi yao wakayapiga dawa kali ya kuua vijidudu. Lakini yale yalikuwa madimbwi machache yaliyojitenga. Korongo lenye mto unaopita utalipiga dawa vipi bila kuua na vingine vyote?

Kwa Kihansi, kazi kubwa ilikuwa kuwazalisha mbali na ugonjwa. Mwaka 2010 vyura 100 walirudi, wakalelewa hapa Mlimani. Mwaka 2012 wengine wakaanza kuachiwa korongoni, ambako manyunyu sasa yanasaidiwa na mabomba.