MFASIRI NI MTU WA NAMNA GANI?
Safari ya Abdilatif Abdalla kutoka Mvita hadi Leipzig

Mwalimu akiuliza darasani, "Ukimaliza shule ungependa kuwa nani?" majibu huwa ni yale yale: daktari, rubani, wakili, mhandisi. Mmoja wa nyuma atasema mchezaji wa kandanda na darasa zima litacheka. Lakini ni nani umewahi kumsikia akisema anataka kuwa mfasiri? Hayuko. Katika toleo hili Chama cha Kiswahili kimeamua kuieleza kazi hiyo kupitia maisha ya Mkenya mmoja aliyekuwa mshairi, mfungwa, mfasiri, mtangazaji, na mwishowe mwalimu wa chuo kikuu katika nchi ya Ujerumani. Huyo ni Abdilatif Abdalla.

KARIOKOR NA WAJERUMANI

Kwanza tuanzie hapa hapa mtaani. Mtu akitajiwa Kariokor hukumbuka soko letu, vyondo vya mkonge, viatu vya akala na nyama choma. Ni wachache wanaokumbuka kwamba jina lenyewe limetokana na vita dhidi ya Wajerumani. Katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia (1914-1918) Waingereza waliotawala Kenya walipigana na Wajerumani waliotawala Tanganyika. Barabara zilikuwa haba na wanyama wa kubeba mizigo walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o, basi risasi, unga na mahema vilibebwa na Waafrika vichwani na mabegani. Kikosi cha wapagazi hao kiliitwa Carrier Corps, na eneo hili lilikuwa kambi yao. Maelfu kwa maelfu hawakurudi makwao. Ndimi zetu zikalichukua jina hilo la Kiingereza zikalikanda, likawa Kariokor. Kule Dar es Salaam wenzetu nao walilikanda lao likawa Kariakoo.

Hebu tazama jambo hilo vizuri. Neno limeingia na bunduki, nasi tumelifanya letu. Hata neno "shule" tunaloliandika kwenye madaftari kila siku lina asili ya Kijerumani, na "hela" ilikuwa sarafu ya Wajerumani kule Tanganyika, iliyoitwa Heller. Kwa hiyo ukisema "sina hela ya shule" umesema maneno mawili yenye asili ya Kijerumani na wala hukujua! Lugha hazina mpaka wenye geti na askari. Ila maneno hupita yenyewe, na vitabu havipiti hivyo. Kitabu lazima kibebwe na mpagazi wake, na huyo mpagazi ndiye mfasiri.

KIJANA ALIYEULIZA "TWENDAPI?"

Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa mwaka 1946 katika ukoo wa washairi. Kaka yake, Ahmad Nassir, ndiye mshairi anayejulikana kama Malenga wa Mvita. Kijana huyu alifanya kazi katika Baraza la Manispaa ya Mombasa, na alikuwa mfuasi wa chama cha upinzani cha Kenya People's Union kilichoongozwa na Jaramogi Oginga Odinga. Mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 22 tu, aliandika karatasi ya siasa yenye swali: Kenya: Twendapi? Swali hilo lilimponza. Alishtakiwa kwa uchochezi, akafungwa kuanzia 1969 hadi 1972, muda mwingi akiwa peke yake chumbani, na sehemu ya kifungo hicho alikitumikia katika gereza la Kamiti, hapa hapa Nairobi.

Huko hakupewa kalamu wala daftari la kuandikia mashairi. Aliandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo yalichapishwa na Oxford University Press mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata diwani hiyo ilipata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi. Lo! Mtu aliyefungwa wakati wa utawala wa Mzee Kenyatta akapewa tuzo yenye jina la Mzee mwenyewe. Tena utenzi wake mwingine, Utenzi wa Maisha ya Adamu na Hawaa, ulikuwa umechapishwa mwaka 1971 yeye angali ndani.

Kwa nini tunataja kifungo katika makala ya kazi ya ufasiri? Kwa sababu kinatuonyesha mtu huyu alilichukuliaje neno. Wengi wetu huandika insha ili tupate alama. Yeye alijua kwamba neno moja laweza kumgharimu mtu miaka mitatu ya ujana wake, na bado akaendelea kuandika. Mtu wa namna hiyo akikaa kufasiri kitabu cha mwenzake hawezi kukiparuza.

JINA LILILOANDIKWA KWENYE BASI

Alipotoka gerezani alikwenda Tanzania, akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hapo alifanya kazi ya msomi hasa: kuchunguza maneno na kuhariri tenzi za kale, ukiwemo Utenzi wa Fumo Liyongo. Na ni katika miaka hiyo, mwaka 1976, ilipotoka tafsiri yake ya riwaya ya Ayi Kwei Armah wa Ghana, The Beautyful Ones Are Not Yet Born, iliyokuwa imetoka kwa Kiingereza mwaka 1968. Kwa Kiswahili inaitwa Wema Hawajazaliwa.

Riwaya hiyo inahusu karani wa reli anayekataa hongo. Mkewe anamwona mjinga, maana mtu waliyesoma naye, Koomson, amekuwa waziri mwenye gari na nyumba ya fahari. Mwishoni serikali inapinduliwa, na waziri huyo mkubwa anatorokea kwenye tundu la choo! Baadaye karani anaona basi dogo limeandikwa maneno yale ambayo ndiyo jina la kitabu, na mwandishi wa basi amekosea herufi. Sisi watoto wa Eastlands hatuhitaji kuelezwa zaidi. Maandishi ya matatu tunayajua, na makosa yake ya herufi tunayajua pia.

Sasa, wewe ungelifasirije jina hilo? Jaribu kabla hujaendelea kusoma. Pengine utasema "Wazuri Hawajazaliwa Bado". Hukukosea sarufi, lakini kwa Kiswahili mtu akiitwa "mzuri" wengi watafikiria sura. Karani wa Armah hatafuti watu wenye sura za kupendeza, anatafuta watu waadilifu. Abdilatif akachagua "wema". Neno hilo lina kazi mbili: ni sifa, kama tunavyosema "watu wema", na pia ni jina la dhana, kama tunavyosema "wema hauozi". Kisha kile kitenzi "hawajazaliwa" kinatuambia kuwa hapa wanazungumziwa watu. Hata hivyo masikio yetu husikia ile maana ya pili nayo ikipita nyuma yake, kwamba wema wenyewe haujazaliwa. Kiingereza hakina mchezo huo. Kwa hiyo tafsiri imepoteza lile kosa la herufi la basi, ikapata kitu kingine mahali pake.

Hiyo ndiyo siri ya kwanza ya kazi hii. Mfasiri hahesabu maneno kama mtu anayehesabu nyanya sokoni, moja kwa moja. Anapima uzito. Akipoteza hapa, anatafuta namna ya kulipa pale.

MWALIMU WA KISWAHILI LEIPZIG

Mwaka 1979 Abdilatif alihamia London, akatangaza katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC hadi 1986, kisha akawa mhariri wa gazeti la Africa Events. Mwaka 1995 alikwenda Ujerumani kufundisha Kiswahili na fasihi yake katika Chuo Kikuu cha Leipzig, akakaa hapo hadi alipostaafu mwaka 2011. Leipzig ni mji wa vitabu tangu zamani, na chuo chake kilianzishwa mwaka 1409. Goethe, yule mwandishi mkubwa wa Wajerumani, alisoma huko alipokuwa kijana.

Wengine watashangaa: Mjerumani atasoma Kiswahili kwa nini? Jibu ni kwamba wameanza zamani. Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844 alikuwa Mjerumani, na kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882. Mapema miaka ya 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikuwa akifundisha Kiswahili Berlin, na kitabu chake Desturi za Wasuaheli kilitoka mwaka 1903 kikisimamiwa na Carl Velten, ambaye pia alikifasiri kwa Kijerumani. Baadaye Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Utengano, alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Bayreuth.

Tofauti ni hii: wakati wa Krapf na Velten, Mzungu alikuja kuchukua lugha akaandika yeye. Kule Leipzig mwenye lugha alisimama mbele ya darasa, Wajerumani wakaandika madaftarini. Nao wana taabu kama zetu. Sisi tukianza Kijerumani tunachanganyikiwa na der, die na das, kwa nini meza ni ya kiume na taa ni ya kike. Wao wakianza Kiswahili wanakutana na ngeli: kiti kimevunjika, mti umevunjika, jiwe limevunjika. Kila mtu na mzigo wake!

MTOTO WA MAMA WAWILI

Tukigeukia fasihi ya Kijerumani ya kisasa, kuna tamthilia ya Bertolt Brecht inayoitwa kwa Kiingereza The Caucasian Chalk Circle. Brecht alikimbia Ujerumani mwaka 1933 Hitler alipoingia madarakani, na tamthilia hii aliiandika mwaka 1944 akiwa uhamishoni Marekani. Mke wa gavana anakimbia machafuko akimwacha mtoto wake mchanga. Mtumishi, Grusha, anamchukua na kumlea kwa shida. Amani inaporudi mama mzazi anamdai. Hakimu anachora duara kwa chaki, anamweka mtoto katikati, anawaambia wanawake wamvute. Grusha anamwachilia asije akaumia, na hakimu anampa yeye mtoto.

Kwangu mimi hakuna mfano bora wa mfasiri. Kitabu kina mama wawili. Mwandishi amekizaa, lakini katika lugha ngeni kinaachwa njiani kikilia. Mfasiri anakiokota, anakilisha, anakifundisha kusema. Na kama Grusha, hatakiwi kukivuta hadi kikavunjika mkono ili kifuate maneno ya asili, au kifuate anavyotaka yeye.

Lakini sasa niulize kwa uchungu kidogo. Brecht, Franz Kafka, Heinrich Böll, Günter Grass, sisi tukiwasoma tunawasoma kwa Kiingereza, yaani tunapata chai iliyochujwa mara mbili. Kijerumani kinafundishwa katika baadhi ya shule zetu na kutahiniwa katika KCSE, na Taasisi ya Goethe imekuwa Nairobi tangu 1963. Kiswahili tunacho. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa katikati. Hata vitabu vya wenzetu vilichelewa. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliandika Paradise kwa Kiingereza mwaka 1994. Kiswahili kilikipata mwaka 2022, kwa jina la Peponi, kikifasiriwa na Ida Hadjivayanis, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobel. Wajerumani walikuwa wameshakisoma kwa lugha yao zamani!

WEWE TAYARI NI MFASIRI

Usiseme kazi hii ni ya watu wa mbali. Mtoto wa Kariokor huamka akisema Kikamba, Kijaluo au Kikuyu na mama yake, akafika kituoni akapiga Sheng na makanga, darasani akajibu Kiingereza, na kipindi cha Kiswahili kikifika akatafuta Kiswahili sanifu. Kwa siku moja umefasiri mara nne, bila malipo. Wengi huona hayo ni mchafuko wa lugha. Ni mtaji, ila mtaji usiofanyiwa biashara hauzai.

Abdilatif aliufanyia biashara mtaji wake wa Kimvita. Hakukiacha Kimvita ili awe msomi. Amekiandikia mashairi, na hao wasomi wa Ulaya wakalazimika kujifunza Kimvita ili wamwelewe. Mwaka 2016 walitoa kitabu kizima juu yake, Abdilatif Abdalla: Poet in Politics. Basi anayetaka kazi hii afanye mambo matatu. Aijue lugha yake hadi chini kabisa, methali na matusi yake. Aijue lugha ya pili kama anayetaka kuishi humo. Kisha awe na uaminifu, kwa sababu msomaji hana njia ya kumkagua.

Mwakani Chama chetu kingependa kuchapa tafsiri fupi za wanachama, kutoka lugha yoyote ile ya nyumbani au ya darasani kuja Kiswahili. Hadithi ya bibi yako inatosha kuanzia. Mzigo wa wapagazi wa Kariokor waliwekewa vichwani kwa nguvu. Huu wetu tunajitwika wenyewe, na ni mwepesi zaidi. Nani ataanza?