Divai ya nanasi: namna ya kuitunza hadi Noeli bila kugeuka siki



Kasiksi tunaijua wote: leo iko tamu, kisha siku tatu ama ine imekuwa kali, na mwenye kuiuza anashusha bei mbio mbio. Divai ya nanasi iko na faida ingine: ikitunzwa muzuri, inaweza kungoja. Wakati nanasi ni mingi ku soko na bei imeanguka, tunaweza kuzikamua, kisha tuuze divai wakati wa Noeli na Bonane. Lakini wengi wanafanya kazi yote ya kukamua na kuchachisha, halafu divai inaharibikia mu depo. Basi tuzungumze juu ya sehemu hiyo.

Ni nini inaharibu divai?

Adui wa kwanza ni hewa. Vijidudu vinavyofanya siki vinahitaji hewa ili vifanye kazi. Bidoni yenye kujaa nusu, ile nusu ingine ni hewa tupu: hapo siki inaanza. Adui wa pili ni joto, na wa tatu ni mwangaza wa jua.

Nguvu ya pombe pia inasaidia. Karibu gramu 17 za sukari mu litre moja zinatoa digri moja ya pombe. Divai ya digri 10 hadi 12 inajilinda kuliko kinywaji chenye pombe kidogo.

Tufanye nini?

1. *Tungoje imalize kutokota.* Bidoni ifungwe kwa kifuniko chenye tiyo ndogo, na mwisho wa tiyo uzame mu chupa ya maji. Gazi inatoka, hewa haiingii. Hata povu ikikwisha, tungoje tena wiki mbili.

2. *Tuihamishe.* Takataka nyeupe inayolala chini inaleta harufu mbaya ikikaa sana. Tuvute divai kwa tiyo safi, polepole, bila kuimwanga toka juu, tuiweke mu chombo kingine na tukijaze hadi shingoni. Kisha mwezi moja, turudilie.

3. *Tupime mbele ya kufunga.* Tujaze chupa moja ya plastiki ya sukari, tuifunge, tuiache siku saba pahali pa joto kidogo. Ikikuwa ngumu ku mkono, gazi ingali inatoka: tungoje. Chupa ya kioo yenye kufungwa mbele ya wakati inaweza kupasuka na kuumiza mtoto, ama mteja ku nyumba yake. Na tusiongeze sukari siku ya kufunga.

4. *Tuweke mu chupa safi za kioo.* Plastiki inaacha hewa ipite kidogo kidogo. Kwa miezi mingi, kioo ni bora. Chupa za rangi ya kahawia zinapunguza mwangaza. Tuzioshe, tuzichemshe, tujaze hadi karibu na kizibo.

5. *Tutafute pahali pa baridi na giza.* Kule Lubero, nyumba yenyewe inasaidia. Kule Uvira, joto ni mingi: tuchimbe shimo chini ya nyumba ama ya kivuli, pahali pasipoingia maji ya mvua, tuweke chupa ndani na tufunike kwa majani makavu.

Vyombo vya kukataa

Bidoni iliyobeba dawa ya shamba, hapana, hata ukiiosha mara kumi. Chuma yenye kutu na bati pia hapana: asidi ya nanasi inaila, na ile chuma inaingia mu divai. Bidoni ya mawese inabakisha harufu.

Ingoje muda gani?

Divai changa inachoma koo. Kisha miezi mitatu inatulia, na harufu ya nanasi inasikika muzuri. Tusiipitishe sana mwaka moja, sababu harufu ya tunda inaanza kupotea. Kwa hiyo, mwenye kutaka kuuza Noeli aanze kukamua mwezi wa nane.

Ku kila chupa tuandike tarehe ya kukamua na ya kufunga. Kila mwezi tufungue moja na tuonje. Ikianza kunuka siki, tusiichanganye na ingine: tuiache igeuke siki kabisa, itasaidia ku jikoni.

Mara ya kwanza, kila kikundi kijaribu bidoni moja tu ya litre 20, na kilete chupa moja ku mkutano ili tuonje pamoja mbele ya kupanga bei.