Chupa ya Lita 6 Ifunguliwe Jikoni

Katika karamu za wapenzi wa mvinyo huko Ufaransa, chupa kubwa huingia ukumbini kama bwana harusi: kila mtu hugeuka kuitazama. Chupa ya kawaida hubeba mililita 750. Magnum hubeba lita 1.5, na juu yake kuna ukoo mzima wa chupa zilizopewa majina ya watu wa Biblia, hadi kufikia Nebukadreza wa lita 15. Bordeaux, mji ambao mvinyo wake mwekundu ndio hasa unaohifadhiwa kwa miaka mingi, una chupa ya lita 6 iitwayo Impériale, sawa na chupa 8 za kawaida. Imezoeleka kwamba chupa hiyo huzibuliwa mbele ya wageni, kisha mhudumu mwenye misuli huizungusha meza nzima akimimina bilauri baada ya bilauri. Hoja yangu ni kwamba desturi hii, pamoja na uzuri wake machoni, humharibia mnywaji kile alichokisubiri kwa miaka 20 au 30. Chupa kubwa ya mvinyo mkongwe ifunguliwe jikoni, imiminwe yote kwa mkupuo mmoja, na wageni wanywe kutoka kwenye vyombo vingine.

Wanaonunua chupa kubwa wana sababu nzuri. Hewa inayobaki kati ya mvinyo na kizibo haiongezeki sana chupa inapokuwa kubwa, wala shingo haipanuki kwa kiwango ambacho tumbo hupanuka. Kwa hiyo kila lita ya mvinyo hupata oksijeni kidogo, na mvinyo huzeeka polepole. Lakini kuzeeka kuna taka zake. Tanini, ambazo ndizo zinazokausha ulimi, hushikamana zenyewe kwa zenyewe na kushikamana pia na rangi iliyotoka kwenye maganda ya zabibu. Miaka inavyopita vifungu hivyo hukua, vikashindwa kuelea, vikatua chini. Hayo ndiyo mashapo. Mengine ni mazito na hutulia upesi. Mengine ni laini kuliko vumbi la unga, na hayo ndiyo yenye matata, kwa sababu chembe ikiwa ndogo huzama taratibu mno, na ikitibuliwa haitarudi chini kabla karamu haijaisha.

Sasa tupige hesabu. Bilauri moja ya mvinyo ni kama mililita 125, hivyo lita 6 hutoa bilauri 48. Hata mhudumu akijaza bilauri 4 kila anapoinamisha chupa, atainamisha na kuinua mara 12. Kila anapoinua, mvinyo uliokuwa umekimbilia shingoni hurudi kwa kishindo na kugonga mashapo. Meza ya kwanza itakunywa mvinyo safi wenye rangi ya tofali. Meza ya mwisho itapewa uji wenye uchungu. Tena chupa yenyewe ni nzito, maana mvinyo peke yake unakaribia kilo 6, na kioo chake hufanywa kinene ili kihimili uzito huo. Mkono uliochoka hutetemeka.

Kazi ya jikoni huanza siku kadhaa kabla ya karamu. Chupa iliyokuwa imelazwa husimamishwa wima mahali pa baridi pasipo na mtikisiko, na kwa chupa ya lita 6 wiki nzima si nyingi, kwa sababu mashapo yana safari ndefu ya kushuka. Kizibo kinahitaji uvumilivu zaidi. Baada ya miaka 30 gome lake huwa laini na hukatika likivutwa kwa kizibuo cha kawaida. Kifaa cha pini 2 bapa, zinazopenyezwa kati ya kizibo na kioo, hufaa zaidi, mradi upana wake ulingane na shingo ya chupa kubwa. (Wareno wenye mvinyo wao wa Port hukwepa tatizo lote hili: hubana shingo kwa koleo lililopashwa moto hadi likawa jekundu, kisha huigusisha kitambaa chenye maji baridi, kioo kikakatika pamoja na kizibo chake.) Kizibo kikivunjika si msiba. Vipande huelea na chujio huvidaka.

Kisha huandaliwa chupa 8 tupu za kawaida, zilizooshwa kwa maji matupu na kukaushwa. Mvinyo huhamishwa kwa faneli, taa au mshumaa ukiwa nyuma ya shingo ya chupa kubwa, bila kuinua mkono hadi uzi mweusi wa mashapo uonekane ukijongea. Kuna vibebeo vya chuma vyenye mpini wa kuzungusha, vinavyoinamisha chupa taratibu. Asiye nacho anaweza kuiacha chupa wima na kuvuta mvinyo kwa mpira mwembamba na pampu ya mkono. Binafsi njia hii ya mwisho naiona bora kuliko zote, ingawa haina mvuto hata chembe: mashapo hayaguswi.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka kwa wataalamu. Émile Peynaud, mwanasayansi wa Bordeaux aliyebadilisha utengenezaji wa mvinyo katika karne ya 20, alionya kwamba hewa nyingi huua harufu, na akashauri mvinyo uhamishwe kwenye chombo kingine iwapo tu una mashapo, tena muda mfupi kabla ya kunywewa. Nakubaliana naye, na ndiyo maana naitilia shaka chupa kubwa iliyoachwa mezani. Lita 4 zikishanywewa, lita 2 zilizobaki zimekaa chini ya lita 4 za hewa, na zimesukwasukwa kila chupa ilipoinamishwa. Katika chupa ndogo zilizojazwa hadi shingoni na kuzibwa, mvinyo hukutana na hewa mara moja tu unapopita kwenye faneli, kisha hutulia hadi zamu yake ifike. Kazi ikifanywa saa 1 au 2 kabla ya chakula, Peynaud hana cha kulalamikia. Isitoshe, mpishi huonja mapema. Kizibo kibovu huweza kutia mvinyo harufu ya karatasi iliyolowa, na hapo zimeharibika lita 6 kwa pamoja. Heri kulijua hilo jikoni kuliko mbele ya wageni waliokwisha inua bilauri.

Wengine watasema mashapo hayana madhara. Ni kweli, hayadhuru mwili. Ila ni machungu, hukwaruza ulimi, na hufunika ladha nyembamba ambazo ndizo pekee mvinyo mkongwe unazo kuushinda mvinyo mchanga. Kuchuja kwa kitambaa hudaka vipande vikubwa na kuachia vumbi lipite, na karatasi ya kahawa inaweza kuacha ladha yake. Ama wanaolilia shamrashamra, chupa tupu ioshwe na isimamishwe katikati ya meza pamoja na kizibo chake. Kizuri chajiuza.

Chupa ya 8 iwekewe alama, kwani ndiyo iliyo karibu zaidi na mashapo, na imiminwe mwisho. Kinachobaki chini ya chupa kubwa, kikombe kimoja hivi, kinaingia vizuri kwenye mchuzi wa nyama.