Jamani, mkuki wa Sauli urushwe!

Kama umewahi kuimba kwaya unamjua Handel, mwenye ile Haleluya inayotikisa makanisa kila Krismasi. Ila mzee huyu ana kazi nyingine, Saul, iliyoimbwa mara ya kwanza London Januari 1739, na kwangu mimi hiyo ndiyo kali zaidi.

Saul ni oratorio. Yaani hadithi ya Biblia inaimbwa mwanzo hadi mwisho, lakini waimbaji wamesimama tu na karatasi zao kama wanaosubiri basi. Enzi hizo Waingereza wengi waliona kuigiza Biblia kwenye jumba la michezo ni kufuru.

Wapo wanaoshikilia hivyo mpaka leo. Siwaungi mkono hata kidogo! Charles Jennens, aliyetunga maneno, aliandika mwenyewe kwamba hapa Sauli anarusha mkuki. Sasa mkuki utarushwaje na mtu aliyeshika nota?

Mwaka 2015 mwongozaji Barrie Kosky, Mwaustralia, akaipandisha jukwaani huko Glyndebourne, Uingereza, ikawa opera kamili. Nimeitazama DVD yake mara mbili. Si mchezo! Mwanzoni tu unakutana na kichwa cha Goliathi, kikubwa cha kutisha, na kwaya iliyojipamba kwa mawigi na nguo za rangi inarukaruka kumshangilia kijana Daudi.

Na hapo ndipo utamu ulipo: kwaya. Kisa unakijua. Sauli anahesabiwa maelfu, Daudi makumi elfu, mfalme anaingiwa na kijicho. Handel akaongeza na kengele ndogo zinazolia kwa furaha wakati akina mama wanaimba. Ukisikiliza redioni unasikia sifa tupu. Ukitazama, loo! Unaona mtu mzima anavyochanganyikiwa kwa sababu ya makofi ya mwenzake. Christopher Purves, aliyeimba Sauli, anatia huruma kweli.

Kisha Endori. Mfalme aliyepiga marufuku waganga anamfuata mganga usiku, na Kosky kamfanya mganga mwanamume mwenye matiti, Sauli ananyonya! Hapo kidogo kazidisha.

Sauli anakufa vitani, inapigwa ile muziki ya maziko, halafu kwaya ileile inamgeukia Daudi na kumshangilia.

Onyesho lilirudiwa 2018 na 2025. Ukiipata hiyo DVD, watoto walale kwanza kabla hamjafika Endori.