Kuni za bure zina bei



Katika makanisa yetu ya Maniema, kutoka Tunda hadi Kindu, swali moja linarudi kila bei ya mazutu inapopanda: pori limetuzunguka, kwa nini tusigeuze miti kuwa mafuta? Swali ni zuri. Katika Luka 14, Yesu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza anaketi, anahesabu gharama. Basi tuhesabu pamoja.

Tuanze na makala, maana ndiyo mafuta ya pori tunayoyajua. Katika tanuru la udongo, kilo 100 za kuni kavu hutoa kilo 15 hivi za makala, mara nyingi pungufu. Kilo moja ya makala ina moto kupita kilo moja ya kuni, zaidi ya mara moja na nusu. Hata hivyo karibu robo tatu ya moto uliokuwa ndani ya kuni imepotea. Kwa nini basi watu wanachoma? Kwa sababu ya njia. Anayesukuma baiskeli mpaka Kindu anafikisha moto mwingi zaidi akibeba makala kuliko akibeba kuni.

Kwa hiyo, bei ya gunia ni jasho na safari. Mti wenyewe unahesabiwa sifuri. Hapo ndipo hesabu yetu ina tundu. Miti ya karibu ikiisha, mchomaji anaenda mbali, gunia linapanda bei, na mama anatembea zaidi kutafuta kuni.

Je, umeme kwa ajili ya hospitali? Kuna mitambo inayochoma kuni kwa hewa kidogo, ikatoa gesi ya kuendesha injini. Kilo 1 hadi 1.5 ya kuni kavu hutoa kilowati-saa moja hivi. Lita ya mazutu katika jenereta hutoa karibu 3. Kumbe kilo 3 hadi 5 za kuni zinaweza kushika nafasi ya lita moja. Lakini kuni mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji. Lazima zikatwe ndogo na zikaushwe. Lami ya moshi huziba injini, na fundi na vipuri lazima viwe karibu. Mtambo bila fundi ni chuma tu.

Kugeuza mti kuwa mafuta ya gari ni kugumu zaidi. Huko Marekani, kiwanda cha Range Fuels katika Georgia kilifungwa 2011, na kampuni ya KiOR katika Mississippi ilifilisika 2014. Zote mbili zilisaidiwa na fedha za serikali, tena zilikuwa na wataalamu na barabara nzuri.

Mfano ulio karibu na maisha yetu uko Mampu, kwenye uwanda wa Bateke, upande wa Kinshasa. Huko maelfu ya hekta za akasia zilipandwa, kisha familia mia tatu na zaidi zikapewa hekta 25 kila moja. Miti ikikomaa wanaikata na kuchoma makala, halafu wanapanda muhogo na mahindi huku akasia changa zikiota tena. Pale mti umeingia katika hesabu, kwa sababu una mwenyewe anayeungojea.

Sisi tunaweza kuanza bila mtambo. Tukaushe kuni kabla ya kuchoma. Tutumie babula isiyomwaga moto ovyo. Kila kanisa la mtaa litenge kipande cha shamba la zamani, si pori bichi, lipande miti ya kuni inayokua haraka. Na makubaliano yafanywe mapema, mbele ya wazee na wamama: nani atapalilia, nani atavuna, na fedha zitaingia mfuko gani.

Asiyepanda anakula mbegu ya watoto wake. Tupande sasa, mvua zingalipo.