Skrini ya Tatu Haisubiri RAM

Swali linaloulizwa kupita yote kuhusu kompyuta isiyo na kadi ya michoro, yaani ile ambayo kazi ya kuchora picha za skrini hufanywa na sehemu iliyojengwa ndani ya prosesa yenyewe, ni RAM kiasi gani iongezwe ili skrini ya tatu iwake. Jibu ni kwamba hakuna kiasi. Ofisi ya uhasibu yenye skrini mbili zinazowaka na ya tatu iliyo giza inaweza kupanda kutoka GB 4 hadi GB 32, na ya tatu ikabaki giza vilevile, kwa kuwa aliyeagiza RAM kwa tatizo hilo amempa dawa ya minyoo mtu aliyeteguka mguu.

Imani hiyo haikuzuka hewani. Kadi ya michoro ya miaka ya 1990 ilikuwa na kumbukumbu yake yenyewe, mara nyingi MB 1 au 2, na picha nzima ya skrini ilipaswa kuenea humo. Picha ya pikseli 1024 kwa 768 yenye rangi za biti 24, yaani baiti 3 kwa kila pikseli, ilihitaji baiti 2,359,296, ambazo hazienei katika MB 2, hivyo mwenye kadi hiyo alilazimika kupunguza rangi au ukubwa wa picha mpaka apate kadi yenye nafasi zaidi. Wakati huo kumbukumbu ndiyo iliyokuwa mpaka. Mafundi waliofundishwa na mafundi wa enzi hiyo wamerithi kanuni bila kurithi hesabu yake, na hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi.

Skrini ya kawaida ya leo ina pikseli 1920 kwa 1080, ambazo ni 2,073,600, na kila pikseli huhifadhiwa kwa baiti 4. Picha moja nzima basi ni baiti 8,294,400, na picha za skrini tatu ni baiti 24,883,200, kiasi kisichofika MB 25. Hata zikihesabiwa mara mbili, kwa kuwa kompyuta huandaa picha inayofuata wakati iliyopo ingali inaonyeshwa, jumla haifiki MB 50, na kompyuta ya GB 4, ambayo siku hizi huonewa huruma, ina zaidi ya mara themanini ya kiasi hicho. Anayesema kwamba nafasi ndiyo iliyokosekana anadai kuwa magunia mawili yamelijaza ghala la ushirika.

Hapo ndipo hutajwa ule mstari wa ukurasa wa Windows wa taarifa za michoro unaosema kwamba kumbukumbu ya michoro ni MB 128 tu. Namba hiyo ni kiasi kinachotengwa mapema mashine inapowashwa, si dari. Michoro iliyo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake, bali hukopa RAM ya kompyuta kadiri inavyohitaji na kuirudisha, na ndiyo maana mstari mwingine wa ukurasa uleule huonyesha jumla inayohesabiwa kwa GB, mstari ambao wanaolalamika hawausomi. Kupandisha kiasi hicho katika BIOS, ambako huitwa DVMT, hufanya jambo moja tu la hakika, nalo ni kuzipokonya programu nyingine RAM ambayo zingeitumia. Tiba ya pili ni ya aibu zaidi: hufunguliwa rejista ya Windows, huundwa ufunguo unaoitwa GMM chini ya jina la Intel, na huandikwa humo thamani ya DedicatedSegmentSize, kwa mfano 512, kisha ule mstari wa MB 128 husomeka MB 512 na mwenye kompyuta hushangilia. Kilichobadilika ni tangazo. Thamani hiyo ina kazi ya kuidanganya baadhi ya michezo inayokataa kufunguka kabla ya kuona namba kubwa. Haitengi hata baiti moja ya ziada, na kuitegemea iwashe skrini ni kama kuandika “abiria 60” ubavuni mwa Hiace bila kuongeza kiti.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote umo katika kompyuta za Apple. MacBook Air yenye prosesa ya M1, iliyotoka mwaka 2020, iliuzwa ikiwa na GB 8 au GB 16, na zote mbili hukubali skrini moja tu ya nje, ilhali Mac mini yenye prosesa ileile na GB 8 hukubali mbili. Aliyelipia GB 16 hakuongezewa hata nusu ya skrini. Mtu anaposimulia kwamba skrini yake ya tatu iliwaka baada ya kuongeza RAM, inafaa aulizwe nyaya zilirudishwaje, maana ili RAM ibadilishwe kompyuta huzimwa, nyaya zote huchomolewa, kisha huchomekwa upya, pengine katika matundu tofauti na yale ya awali, na sifa ikaenda kwa kile kilicholipiwa.

RAM ina haki yake katika jambo moja, na lisichanganywe na hili. Skrini tatu zikisomwa mara 60 kwa sekunde hutumia baiti zipatazo bilioni 1.5 kila sekunde, na kipande kimoja cha RAM aina ya DDR3-1600 hupitisha bilioni 12.8, hivyo ikiwa video inakwamakwama, kipande cha pili kinachofungua mkondo wa pili husaidia kweli. Hiyo ni kasi ya picha. Idadi ya skrini ni habari nyingine.

Idadi hiyo huwekewa mpaka na vitu viwili vilivyochongwa kiwandani ndani ya prosesa na chipu inayoandamana nayo. Cha kwanza ni njia ya picha, yaani saketi inayoisoma picha kutoka RAM mstari kwa mstari na kuipeleka kwenye tundu. Kila skrini yenye picha yake huhitaji njia yake, na njia haiongezwi kwa draiva wala kwa fedha. Prosesa za Intel Core za kizazi cha pili (2011), ambazo namba zake huanza na 2 kama i5-2400, zina njia mbili. Za kizazi cha tatu (2012), kama i5-3470, zina tatu. Na prosesa za kompyuta mpakato za kizazi cha 11, zilizotoka mwaka 2020, zilifikisha nne. Idadi ya matundu nyuma ya mashine haithibitishi lolote, kwa kuwa ubao wenye VGA, DVI, HDMI na DisplayPort una milango minne na mara nyingi njia tatu. Skrini ya kompyuta mpakato yenyewe nayo huhesabiwa, jambo ambalo wanunuzi husahau kila mara.

Cha pili ni saa, na hapa ndipo penye mtego. Saa ni saketi inayopiga mapigo ya kuongoza kasi ya kutuma pikseli. VGA, DVI na HDMI hutaka mapigo yanayolingana na skrini husika: milioni 148.5 kwa sekunde kwa skrini ya 1920 kwa 1080, milioni 108 kwa ile ya zamani ya 1280 kwa 1024. DisplayPort haina sharti hilo, kwani hupakia pikseli katika vifurushi na kuvituma kwa kasi maalumu isiyofuata ukubwa wa skrini, kwa hiyo skrini mbili za DisplayPort huweza kutumia saa moja, kama mizigo ya wenyewe tofauti inavyopanda treni moja. Kizazi cha tatu kina njia tatu lakini saa mbili. Skrini tatu basi huwaka kwa sharti kwamba angalau mbili ziwe za DisplayPort.

Mfano unaofaa kutazamwa kwa karibu ni Dell OptiPlex 7010, mashine ya kizazi hicho ambayo, baada ya kustaafishwa maofisini, huuzwa kwa mtumba kuanzia Kariakoo hadi Luthuli Avenue. Nyuma yake kuna tundu moja la VGA na mawili ya DisplayPort. Mnunuzi mwenye skrini mbili za HDMI hununua adapta mbili za bei ya chini, skrini mbili zinawaka, ya tatu inagoma, na safari ya kutafuta RAM inaanza. Adapta hizo ni tuli, yaani ndani yake hakuna kinachogeuza picha. Hulijulisha tu tundu kwamba mbele kuna HDMI, nalo tundu, ambalo aghalabu lina alama ya DP++, huacha lugha ya DisplayPort na kusema HDMI. Kuanzia hapo linadai saa yake. VGA imechukua saa moja, adapta ya kwanza imechukua ya pili, na ya tatu haipo. Adapta hai, ambayo ina chipu inayopokea vifurushi vya DisplayPort na kuvigeuza kuwa HDMI nje ya kompyuta, humaliza tatizo kwa kuwa kompyuta haijui kama kuna HDMI popote. Lakini zote mbili sharti ziwe hai, maana VGA moja, HDMI moja na DisplayPort moja bado ni madai matatu kwa saa mbili. La kuchekesha ni kwamba adapta ya DisplayPort kwenda VGA, hata ya bei ya kutupa, daima huwa hai, kwa sababu DisplayPort haiwezi kutoa mawimbi ya VGA pasipo chipu ya kuyatengeneza, hivyo ofisi yenye skrini tatu kuukuu za VGA huona zote zinawaka huku jirani yake mwenye skrini mpya akihangaika na BIOS.

Uchunguzi wa tatizo hauhitaji bisibisi. Skrini moja kati ya zinazowaka ichomolewe, na ile iliyo giza iachwe palepale na waya wake uleule. Ikiwaka, basi waya, tundu na skrini ni vizima, na kinachopungua ni njia au saa. Isipowaka, ndipo waya ushukiwe. Katika Linux amri ya xrandr huwa wazi zaidi, kwani hujibu kwamba haikupata CRTC kwa ajili ya tundu lililotajwa, na CRTC ni jina la njia ya picha lililobaki tangu zama za skrini za kioo zenye kisogo. Kusakinisha draiva upya mara tatu hakubadilishi jibu hilo.

Yanayowezekana ni machache. Kwa kizazi cha tatu, adapta mbili hai. Kuanzia kizazi cha nne (2013) sharti la saa lililegezwa, na kitovu cha MST, kinachogawa mkondo mmoja wa DisplayPort 1.2 kuwa skrini kadhaa zenye picha tofauti, kinafaa katika Windows na Linux ingawa hakiongezi njia; macOS haikitumii hivyo. Kompyuta mpakato ifungwe kifuniko, na njia moja itaachiwa skrini ya nje. Adapta ya USB yenye chipu ya DisplayLink huizunguka mipaka yote kwa kuibebesha prosesa kazi ya kubana picha, na inatosha kwa hesabu na barua, si kwa michezo. Kizazi cha pili kinahitaji adapta hiyo au kadi fupi ya michoro, na kadi ikichomekwa BIOS iangaliwe, kwa kuwa mashine nyingi huzima michoro ya ndani papo hapo mpaka ziamriwe kuitumia pamoja na kadi. Kigawanyaji cha HDMI, kile kikasha chenye mlango mmoja wa kuingilia na minne ya kutokea, kiachwe dukani, maana hunakili picha ileile kila upande, na anayekihitaji ni mwenye kibanda umiza anayetaka mechi moja ionekane kwenye televisheni nne.